Maana ya neno "escape" nilifundishwa na fundi cherehani wa Dunda, Bagamoyo

Wakuu, habari za muda huu. Walionizidi umri shikamooni, wenzangu mambo.

Humu mimi huwa msomaji tu. Nacheka na komenti zenu kisha napita. Leo nimeona niandike na mimi. Haya yalinitokea mwenyewe, nimebadilisha majina tu, maana wenyewe wapo hai na mmoja wao hachelewi kununa.

Nataka kuongelea neno moja la Kiingereza. Escape.

Elimu yangu ni form four, sio mtaalamu wa lugha. Shuleni tuliambiwa maana yake ni kutoroka, tukaandika kwenye daftari, kengele ikagongwa. Ila kwenye kutoroka kwenyewe mimi nilikuwa na digrii.

Twende taratibu.

Nilitoka kwetu Singida nikiwa na miaka ishirini na minne. Nilimwambia mama naenda mnadani. Ni kweli nilifika mnadani, ila nikadandia hapohapo lori la vitunguu. Koti la marehemu baba nililiacha kitandani makusudi, ili mama akichungulia ajue nitarudi jioni.

Sikurudi.

Tangu hapo nikawa mtu wa njia. Dodoma, Kilosa, Ifakara. Hakuna mahali nilipoaga. Watu wakishaanza kunizoea, wananiwekea chakula nikichelewa, wananiuliza jana ulikuwa wapi, moyo unaanza kuniwasha. Basi natoka mchana kweupe kama mtu anayeenda dukani, na nguo moja naiacha inaning'inia msumarini. Wakija kugundua, niko mkoa mwingine.

Kutoka Ifakara mpaka Bagamoyo, safari ambayo gari dogo linamaliza kwa siku moja, mimi ilinichukua karibu mwaka.

Lori la mchele nililopanda lilikufa gia Ubena. Siku tatu tunasubiri kipuri, tunakula mahindi ya kuchoma asubuhi mchana jioni, mpaka leo nikisikia harufu yake nakumbuka ile barabara. Nikamwacha dereva, nikasogea Chalinze, nikafika Lugoba. Pale nikaponda kokoto miezi minane. Nilikuwa nakula kwa mama mmoja muuza chakula, mkarimu kupita kiasi. Siku aliyoniambia "mwanangu, sahani yako hii hapa, nimeiwekea alama", kesho yake nikaondoka. Jaketi langu likabaki msumarini kwake.

Nikafika Msata, nikapata lori la mbao linaloshuka pwani. Juu ya zile mbao kulikuwa na msumari. Nikashuka Bagamoyo shati limechanika mgongoni toka begani mpaka kiunoni.

Ndio nikaingia kwa Mzee Nassor.

Mzee huyu ni fundi cherehani, babu zake walitoka Omani, kibanda chake kipo mbele ya nyumba yake pale Dunda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Vua."

"Sina nyingine, mzee."

"Nimekuuliza unazo ngapi? Vua."

Nikavua. Mkewe, Bi Zuhura, alikuwa mlangoni anachagua mchele. Akanihurumia, akanirushia kanga yake nijifunike. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na Shomari, muuza samaki wa kukaanga, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika.

"Mzee Nassor! Leo umeletewa bi harusi?"

"Bi harusi ana ndevu, mchukue wewe," akajibu mzee bila kuinua macho. Halafu akanigeukia. "Shati huchanika mbele kwa anayepigana. Likichanika nyuma, mtu anakimbia. Wewe unamkimbia nani?"

Nikacheka. Nikaomba nimsaidie kupiga pasi zile kanzu zilizorundikana, walau nilipe fadhila.

Wakuu, nilikaa miaka minne.

Nilijifunza kupiga pasi ya mkaa, kukunja pindo, na mwisho nikawa mtaalamu wa matundu ya vifungo. Waliniita Bara, kwa kuwa natoka bara. Mimi ni Mkristo, wao Waislamu, lakini Ramadhani Bi Zuhura alikuwa ananifunikia chakula cha mchana na kunifokea nisipokila. Krismasi Shomari alikuwa analeta samaki na kudai ndio mbuzi wa baharini.

Sasa, mzee alikuwa na kamusi nene ya Kiingereza aliyorithi kwa baba yake, jalada limeshatoka. Kila asubuhi baada ya chai anaifungua popote, anachagua neno, na siku nzima tunabishana kuhusu hilo neno huku tunashona. Siku moja likatokea escape.

Akasoma kimyakimya, kisha akapiga meza.

"Zuhura! Njoo usikie. Hili ni neno la mafundi!"

Kumbe asili yake ni Kilatini cha zamani, maneno mawili: nje, na joho. Yaani kutoka nje ya joho lako. Mtu amekukamata vazi, wewe unajichomoa, unambakishia nguo mkononi. Ndio escape.

Mzee alifurahi kama aliyeokota lulu. Akakumbusha kile kisa cha nabii kijana aliyemkimbia mke wa bwana wake, kwamba kanzu yake ilichanika nyuma. Nikamwambia kwetu kanisani tunasoma kwamba aliliacha vazi lenyewe mkononi mwa yule mwanamke.

"Vyovyote," akasema, "alihitaji fundi."

Tukaendelea na kamusi. Kuna kitufe cha Esc kwenye kompyuta, unakibonyeza unatoka ulipokwama. Gesi ikivuja, neno ni hilohilo. Kilichonishangaza ni saa ya ukutani. Kuna kifaa ndani yake kimepewa jina kutokana na neno hili. Gurudumu linataka kukimbia, kile kifaa kinaliachia jino moja, kinanasa linalofuata. Ndio ile tik, tak. Mzee akaitazama saa yake iliyokuwa inagonga pale juu.

"Maskini," akasema, "miaka yote hii inatoroka na bado iko ukutani kwangu."

Wote walicheka. Mimi nilijifanya natafuta uzi.

Miezi michache baadaye dada yangu akanipata kwenye simu, sijui namba aliitoa wapi. Mama macho yanafifia. Anataka kuniona kabla hayajazima kabisa.

Nikaamua narudi Singida, na safari hii narudi kukaa. Uamuzi haukunisumbua. Kilichonishinda ni kuwaambia watu wa Dunda. Nilifungua mdomo mara kumi, mara kumi nikauliza habari za uzi.

Wakati huo mzee alikuwa anashona koti zuri la kijivu la mteja wa Msata. "Ana mwili kama wako, simama nimpime." Nasimama. Matundu ya vifungo nikatoboa na kushona mimi mwenyewe, kwa umakini wote.

Nikapanga kuondoka Ijumaa, saa ya sala, mtaa mzima wanaume wako msikitini na mimi ndiye mlinzi wa kibanda. Nikaning'iniza shati langu msumarini. Nikachukua begi.

Kosa langu lilikuwa moja. Ijumaa mchana wanaume wanaenda msikitini, ila wanawake wako nyumbani. Bi Zuhura alikuwa palepale mlangoni na sinia lake la mchele.

"Bara. Unaenda wapi?"

"Dukani hapo, Bi Zuhura."

"Na begi?"

Akasogeza mkeka kwa mguu. Nikakaa.

"Bibi yake bibi yangu alikuwa mtoro," akasema, huku anaendelea kutoa mawe kwenye mchele. "Alimkimbia aliyemfunga mnyororo, akaacha hata nguo, na sisi wajukuu tunamsifu mpaka leo. Sasa niambie, hapa nani kakufunga?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikamwambia kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Baba alipopelekwa hospitali tuliagana vizuri, tukashikana mikono, akaniambia baki salama. Hakurudi. Tangu siku hiyo neno kwaheri likawa linanikaba.

Akaweka sinia chini.

"Pole, mwanangu. Lakini baba hakufa kwa sababu mliagana. Na mama yako, ambaye hukumuaga, anakusubiri mpaka leo. Yupi umemuumiza?"

Wakuu, nililia. Mtu mzima na ndevu zangu.

Mzee akarudi kutoka msikitini, akaona begi, akaona macho yangu. Nikategemea hasira. Akaenda kwenye shati langu pale msumarini, akalishusha.

"Zipu ya begi uliishona Jumanne," akasema. "Mtu wa kukaa hashoni zipu ya begi. Nilikuwa nasubiri kuona utaniaga au utaniachia shati. Nina mashati mengi mimi."

Hapo ndipo aliponuna kweli. Alasiri yote hakunisemesha. Magharibi akaniita kula.

Sikuondoka Ijumaa. Niliondoka Jumatatu, kwa sababu kuaga kule ni kazi ya siku mbili, na mwenye haraka asianze. Unaingia kila nyumba, unasema niwieni radhi nilipowakosea, wanakujibu tumekuwia, na wewe utuwie. Kisha lazima ukae, unywe chai. Nilikunywa chai mpaka nikahisi natembea na bahari tumboni. Shomari nilipomuomba radhi akasema, "Nimekusamehe yote, isipokuwa uliposema samaki wangu wana chumvi."

Asubuhi ya Jumatatu mzee akatoa lile koti la kijivu.

"Mteja wa Msata?" nikauliza.

"Amehama, anaenda Singida."

Akanivisha mwenyewe, akafunga kifungo kimoja kimoja kwenye matundu niliyoyashona kwa mkono wangu. Kilikuwa kiangazi, jasho linanitoka, sikuthubutu kulivua. Alipomaliza akanishika ukosi kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyemkamata mwizi. Akanishikilia hivyo kwa muda.

Kisha akaachia.

"Haya, toka," akasema. "Lakini toka nalo."

Gari lilipofika Lugoba niliteremka. Yule mama yupo bado. Jaketi langu alikuwa anafunikia sufuria la wali lisipoe. Nikampigia magoti, nikamwambia nimekuja kuaga, nimechelewa miaka minne. Akanichapa na mwiko begani, halafu akaniletea sahani. Ile yenye alama.

Nyumbani mama aliona kivuli changu tu mlangoni. Akapapasa koti, akauliza ni la nani. Nikasema langu. La baba bado lilikuwa kitandani.

Nilichojifunza: sio kila anayekushika amekufunga. Kama umefungwa, kimbia, acha hata nguo. Kama umependwa tu, vaa koti lako, ingia nyumba kwa nyumba, uage.

Karibuni wakuu, hata wa kunicheka mje. Na wewe niambie, koti lako umeliacha msumarini kwa nani?