Cheo Alichopewa Glenys Aspinall

"Nani aliwaomba cheo?" Glenys Aspinall alifoka, mkoba ungali begani. "Nimekalishwa nje kwenye benchi kama mtoto mtukutu, madiwani wenzangu ndani wanauza uwanja wetu, kwa sababu ya cheo chenu!"

"Tulikupa kwa heshima," akasema Barrie Threlfall, mwenyekiti wa klabu ya mpira ya Hesketh Fold. "Tulikuchagua ukatusemee, wewe ukatoka nje. Huo ni usaliti, bibie."

Baa nzima ya klabu ikageuka kuwatazama. Hata aliyekuwa anatafuna chipsi aliacha.

Glenys hakuwa mwanasiasa. Alikuwa mpishi wa shule, na kila Jumamosi aliuza pai na chai kwenye dirisha la pale uwanjani. Halmashauri ilipoanza kunong'ona kwamba uwanjani pajengwe nyumba, watu wa mpira ndio waliomsukuma agombee udiwani. Akapita. Walivyofurahi! Kwenye karamu ya Krismasi wakamfanya makamu wa rais wa klabu, wakamvisha skafu, wakapiga makofi mpaka glasi zikacheza. Hakuna aliyeuliza cheo kinakuja na nini. Wanaume wakishakunywa hawaulizi.

Kilikuja na hiki: diwani aliye kiongozi wa klabu haruhusiwi kupigia kura mambo ya klabu hiyo. Anataja uhusiano wake, anatoka, mlango unafungwa. Kabla ya kikao kile Glenys alimkimbilia mwanasheria wa halmashauri, akataka kujiuzulu cheo.

"Umechelewa, mama," akaambiwa. "Maombi ya klabu ya kutaka uwanja usiuzwe yalishaletwa, na wewe ukiwa kiongozi wao."

Uwanja ukaenda kwa kura moja.

Udiwani haukwenda. Waliokuwa hawamsalimii dukani waliendelea kumpigia simu: pipa halijazolewa, barabara ina shimo, jirani ana mbwa. Alishughulikia yote, miguu imevimba, bila hata asante.

Msimu uliofuata timu ikawa inacheza kwenye uwanja wa kuazima, mji wa jirani. Glenys alikwenda kwa basi, akasimama peke yake nyuma ya goli, ameegemea uzio, katika ile mvua ya kwao isiyonyesha wala kukatika. Walikuwa wameshafungwa matatu Barrie alipouzunguka uwanja mzima na goti lake bovu mpaka alipo Glenys.

"Wanacheza kama wamefungwa kamba," akasema.

"Huyo beki wako mzito kama kabati."

Barrie akapandisha kola ya koti.

"Lile nililokwambia kule baa..."

"Lipi? Ulisema mengi."

"La usaliti. Cheo nilikipendekeza mimi, Glenys. Kura yako niliiua mimi. Muda wote huu unanidai radhi na mdomo haufunguki. Nisamehe."

Glenys alikuwa amejiandalia maneno ya siku hii, makali, mazuri kabisa. Sasa alichoka hata kuyatafuta.

"Basi, Barrie. Sikudai tena," akasema, akasogea kidogo ili Barrie naye apate pa kuegemea kwenye uzio.