Shufaa ya Gari

Jumamosi, Mombasa. Mwaka wa thelathini na mbili tangu nitoke Amu.

Leo binamu yangu amenidai shufaa ya gari, ile haki ya mshirika au jirani kuuziwa kwanza!

Jana niliwauliza nyinyi wasomaji wangu hapa njia bora ya kuuza gari langu la zamani la mbio, lile jekundu la viti viwili: dalali, mnada, au nimuuzie fundi wangu anayelipenda.

Asubuhi binamu akanipigia simu kutoka mtaa wetu wa Mkomani, huko Amu.

"Bwana, jamaa ndio wa mwanzo. Sharia yakataza kumuuzia mtu wa kando kabla yetu."

Nikamwambia shufaa ni ya nyumba na shamba. Mimi na yeye tuna ukuta gani wa pamoja kwenye gari?

"Na utaliendesha wapi, huko ambako punda wawili hawapishani?"

"La kuendesha la nini? Nitalitia dakani, wageni wapige picha."

Gari zima, liwe pambo la mlangoni!

Nikamuuliza: "Ulipomuuzia mgeni nyumba ya babu yetu, nami ni mrithi kama wewe, shufaa yangu ilikuwa wapi?"

Ati mtandao unakatika. Nilikuwa namsikia akipumua.

Nimemuuzia fundi. Yeye ataliendesha.

Nyinyi ndugu kama huyu mnamjibuje?

Mimi Amu sirudi; nyumba ya kurudia ilishauzwa.