Kuondoka Mtoto Akiwa Amelala

Kikao cha pili mshauri aliniuliza kumbukumbu yangu ya kwanza kabisa ni ipi, nikamwambia sikuja pale kusimulia hadithi. Nilikuja kwa sababu ya kukosa usingizi. Daktari alichoka kuniandikia vidonge, akanielekeza kwa huyu dada mwenye miwani, mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi, ambaye kazi yake ni kukaa kimya na kukutazama. Kwetu mambo ya moyoni hupelekwa kwa shangazi, naye hukukatiza kabla hujamaliza. Huyu hakukatiza. Nikashindwa kuvumilia kile kimya, nikamsimulia kisa ninachokisimulia kwenye sherehe watu wakacheka.

Nilikuwa na miaka minne. Tulikaa mjini, Mlabani, kwa bibi, lakini shamba letu la mpunga lilikuwa Mchombe, na kila msimu mama alihamia huko, kwenye kibanda cha nyasi, kupalilia, kisha kuamia ndege wasile mpunga, kisha kuvuna. Sisi wadogo tuliachwa mjini. Kuaga hakukuwapo. Mama aliondoka nikiwa nimelala, akaikunja kanga yake na kuilaza pale alipokuwa amelala yeye, ili mkono wangu ukipapasa usikute patupu. Nakumbuka niliishika, ilikuwa bado na harufu ya jasho lake. Bibi akasema mama kaenda bombani, anarudi sasa hivi. Basi nikaenda kukaa bombani, nikilia. Nilikwenda siku nyingi, mpaka akina mama wa foleni wakanizoea.

Aliporudi, mpunga ulikuwa tayari kwenye magunia. Alishuka kwenye trekta amekonda, mweusi kwa jua, akainama na kufungua mikono. Mimi nikasimama mbali, nikasema, "Shikamoo." Vile vile nilivyowaamkia wageni. Watu wakacheka, wakamsifu bibi kwa kunilea na adabu. Mama naye akacheka.

Mshauri hakucheka. Aliuliza kama nina mtoto. Nikasema ninaye, wa kike, ana miaka mitano, na shamba la Mchombe sasa nalilima mimi.

"Ukienda shamba unamwacha na nani?"

"Na mama yangu."

"Huwa mnaagana?"

Nilipandwa na hasira. Nilitaka kumwambia kwamba mtu ambaye hajaona ndege wa kweleakwelea wakimaliza ekari nzima ya mpunga asubuhi moja asiniulize habari za kuagana. Badala yake nikaanza kujisifu. Nikasema mwanangu hana shida, halii kama nilivyolia mimi. Nikiondoka hajui. Nikirudi anapokea mzigo, ananiamkia vizuri, anarudi kucheza. Maneno yalikuwa yameshatoka ndipo nikayasikia.

Akasema, kwa upole uliozidi kuniudhi, kwamba mtoto aliyeacha kulia si lazima awe amezoea. Pengine amejifunza kutodai. Na mimi pengine nilijifunza hivyo hivyo, ndiyo maana mume wangu, anayefanya kazi kwenye miwa huko Kidatu, akirudi mwisho wa mwezi mimi ndipo ninapokumbuka nguo za kufua, badala ya kukaa naye. Habari hiyo ya nguo nilimpa mwenyewe wiki iliyotangulia, kwa mdomo wangu huu.

Kwa siku kadhaa nilimtupia mama lawama zote. Alinisemesha nikajibu kwa mkato, akanitengea chakula nikasema nimeshiba. Ilikuwa rahisi. Lakini dhamiri haikuacha kunisuta, maana mama alikuwa akikimbizana na njaa. Bila ule mpunga tusingekula. Mimi nina duka la vitambaa. Ningeweza kumweka mtu wa kuamia ndege, ningeweza kumchukua mtoto wakati wa likizo. Mimi nilichokuwa nakikimbia ni kilio tu. Sikutaka kukisikia, nikakiita kumhurumia mtoto.

Msimu wa ndege ulipofika niliamua kwamba safari hii nitaaga. Asubuhi nilimkuta mama jikoni anakoroga uji, nikamwambia naenda kumwamsha mtoto.

"Unataka kuitia safari mkosi?" akasema. "Mwache alale. Akiamka atakunywa uji, atasahau."

"Mimi sikusahau, mama."

Aliendelea kukoroga uji uliokwisha kuiva, na mimi nikajiona mshenzi, kumwambia mama yangu neno kama lile nikiwa na begi begani, nikimwachia mwanangu amlee.

Mtoto alikuwa amelala kaelekea ukutani. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikamgusa.

"Mwanangu, mama anakwenda Mchombe kuamia ndege. Nitakaa huko wiki mbili, halafu nitarudi. Nimekuja kukuaga."

Hakugeuka. "Najua," akasema. Sauti haikuwa ya mtu anayetoka usingizini.

"Umejuaje?"

"Huwa nakuona ukiondoka."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Sasa mbona husemi kitu, mama?"

Akavuta shuka mpaka kidevuni. "Bibi alisema nikilia, gari lako litapata ajali."

Nilizihesabu zile asubuhi zote nilizopita mlangoni kwa kunyata, viatu mkononi, nikijiona mjanja. Kumbe yeye alikuwa macho, kabana pumzi, anachunga basi langu lisianguke. Na nikirudi mzima aliona kazi yake imekwisha, akarudi kucheza.

Nilimwambia gari halianguki kwa sababu ya machozi ya mtoto. Nikamwambia alie kama anataka. Hakulia. Aligeuka, akanitazama kama ninayemtega. Basi nikalia mimi, kwa sauti, bila aibu, na mama akasikia huko jikoni.

Mtoto aliinuka upesi akanifunika mdomo kwa kiganja chake.

"Nyamaza, mama," akaninong'oneza, macho yamemtoka kwa hofu. "Nyamaza, bado hujafika."