Pole kwa Msiba Ambao Haujafika

Jumamosi nilichelewa kufika ukumbi wa kanisa huko Ziwa. Nikakuta watu kimya, suti nyeusi, na mama mmoja ameinamisha kichwa. Nikajua ni matanga. Nikamshika kwa mikono miwili. "Pole sana, Mama. Mzee alikuwa mtu wa watu."

Mzee aliyeketi kando yake akageuza shingo polepole.

"Bado niko," akasema.

Kumbe ni mafunzo ya kuandika wosia. Mimi niliyetembea nchi za watu na kusoma vibao vya kila aina, nilikuwa nimelipita bango la mlangoni. Nikajificha nyuma.

Wakili, msichana mwenye sauti ya upole, akauliza ni nani ameshaandika wosia. Watu wakaangalia viatu. Na si kwamba hatupendi mipango. Harusi ina kamati, mazishi yana kamati, hata kununua fahali wa kijiji ni kamati. Shamba ndilo tunalomwachia Mungu na panga.

Yule mzee akasimama. "Nikiandika, si ni kama nimeita kifo? Halafu vijana wangu wanapendana. Hao hawawezi kupigania shamba."

Mkewe hakuinua kichwa, aliendelea tu kukunja pindo la leso yake, akasema:

"Mzee, ile laini ya miti ya saipras wanao wamepanda katikati ya mahindi, ulidhani ni ya Krismasi? Huo ni mpaka. Wameshagawana shamba, na mimi hawajaniachia hata mahali pa jikoni. Andika."