Kidole cha Mtunza Panya

Mtunza panya wa maabara huwaamkia panya wake kila asubuhi, kizimba kwa kizimba, na wasipomjibu hununa mpaka saa ya chai. Siku lebo za vizimba viwili zilipolowa zikafutika, daktari mtafiti wa maabara alishika kichwa.

"Mzee wangu, kazi ya miaka mitatu imezama! Koo hizi mbili za panya ni nyeupe zote, jeni ni zilezile, zimepishana swichi za kuziwasha jeni hizo tu. Nani atazitofautisha?"

"Nyamaza, mwanangu."

Mtunza akakunja mkono wa shati, akatia kidole chenye makovu katika kizimba cha kwanza. Kikanuswa. Katika kizimba cha pili, kikang'atwa.

"Hawa ndio ukoo wa wakorofi. Andika."

Vipimo vilipokuja vilikubaliana na kidole. Siku hizi daktari naye huwaamkia panya. Wale wakorofi, kwa mbali.