Fyuzi Ndogo ya Skuta Yetu

Mimi ni mwanamke wa mdomo, na sioni haya kusema hivyo. Nyumbani kwetu Matayos nilikuwa naongea mimi. Mume wangu alisikiliza, akanywa chai yake, akaenda kulala. Sokoni ndiko mambo yalikogeuka. Huko aliongea yeye, mimi nikahudumia wateja.

Aliongea kwa spika. Tulikuwa na skuta, si pikipiki, na vijana wa boda walitucheka eti tumenunua kiti chenye magurudumu. Wacheke tu. Skuta ina sakafu pale mbele pa kuweka miguu, na beseni la samaki kutoka Osieko, ziwani, hukaa hapo vizuri bila kumwagika. Kwenye usukani mume wangu alifunga spika ya kutangazia, na kwa kuwa betri yake ya ndani ilishakufa, akaiunganisha na soketi ya skuta, ile ya kuchajia simu, yenye matundu mawili. Akarekodi maneno yake, yakawa yanajirudia tangu asubuhi hadi samaki waishe.

"Samaki wa Osieko, wabichi wapo, wa kukaanga wapo. Bei tutaelewana. Mwenye samaki ni mke wangu, mimi ni sauti tu."

Watu waliyashika yale maneno. Tukifika Malaba mpakani, kwenye foleni ya malori, madereva walikuwa wanamalizia wenyewe kutoka juu huko: mimi ni sauti tu! Nilimwambia aondoe hiyo sehemu ya mwisho, ananiaibisha. Nikamwambia mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ataniharibia biashara. Alicheka, akaiacha.

Alikufa kwa kifua kilichoanza kama homa ya kawaida. Sitaki kueleza zaidi ya hapo. Siku ya kunyolewa nywele za msiba, baada ya mazishi, watu wa kwao walipokaa kugawa nguo zake, shemeji mmoja alichukua koti, mwingine viatu, na skuta wakaniachia kwa sababu ndiyo inayolisha watoto. Lakini mama mkwe aliniita kando.

"Mwanangu, hiyo sauti itoe," akasema. "Mtu tumemzika. Huwezi kumtembeza sokoni anaita watu."

Mama mkwe habishiwi. Nikanyamaza, na mimi kunyamaza si kazi ndogo. Ila sikuitoa. Nikiwa barabarani asubuhi, ile sauti iko hapa mbele ya kifua changu, inasema mke wangu, inanyamaza kidogo, inasema tena mke wangu. Wewe ungeitoa? Nilimpenda yule mtu. Jioni niliingiza skuta sebuleni na spika ikiwa imechomekwa vilevile, nikaipunguza tu ili watoto walale. Sikuwahi kuichomoa.

Siku moja pale Malaba simu yangu iliishiwa na chaji, na nilikuwa nangoja mwalimu anipigie kuhusu mtoto aliyeamka mgonjwa. Nikaichomeka kwenye soketi ileile pamoja na spika, kama tulivyofanya miaka yote. Spika ikakatika katikati ya neno. Sikushtuka. Fyuzi ya soketi ile iliungua mara nyingi mume wangu akiwa hai. Alikuwa anasukuma skuta hadi kwa fundi wake hapo nyuma ya stendi, mimi nabaki na beseni, na akirudi sauti inalia kama kawaida. Kwa hivyo na mimi nikasukuma.

"Boss, leo weka kubwa," nikamwambia fundi. "Sitaki hii kitu ikatike tena maisha yangu yote."

Akainua kiti, akafungua kifuniko cha betri, akafuata waya mwekundu hadi kwenye kikasha kidogo. Ndani kulikuwa na fyuzi ya ampea tano, imeungua nyeusi. Akasema ya ampea kumi itaingia, lakini si kwa waya mwembamba vile. Ukiweka fyuzi kubwa kwa waya mdogo, waya ndio utaungua, na skuta nayo. Akavuta waya mpya mnene kutoka betri hadi soketi. Mimi nilikaa juu ya mtungi mtupu wa mafuta nikimharakisha, maana nilitaka kumsikia mtu wangu.

Alipochomeka spika, ilitoa mlio mmoja mfupi. Akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena.

Nikamfokea kwamba ameiharibu. Hakujibu kwa hasira. Aliweka bisibisi chini kwanza.

"Mama, sijaharibu. Hii spika ikikosa moto wa betri inasahau ilichorekodi. Kwani hukujua? Kila fyuzi ikiungua, mzee alikuwa anasimama hapo ulipo, anarekodi upya."

Miaka yote nilidhani ni sauti moja. Kumbe aliyasema yale maneno upya kila mara, hapa gereji, mbele ya wanaume wenye grisi mikononi. Na simu yangu inayoweza kurekodi ilikuwa mfukoni siku zote tangu tumzike. Nani angeniambia niihifadhi sauti yake humo?

"Nilimwambia tuweke ya kumi, akakataa," fundi akaendelea. "Akasema, wacha tu, nyumbani sipati nafasi, hapa ndio naongea."

Nilicheka. Kisha nikalia, nikalia kuliko nilivyolia kaburini, kwa sababu kaburini nilikuwa bado naye kwenye usukani.

Fundi akanionyesha kitufe chekundu. "Sema wewe, mama. Sasa haitakatika."

Nikabonyeza, mimi mwanamke wa mdomo. "Samaki wa Osieko, wabichi wapo, wa kukaanga wapo. Bei tutaelewana. Mwenye samaki ni..."

Nikakwama. Kidole kilibaki kwenye kitufe, na spika ikarekodi nyundo za gereji na honi za malori mpaka nafasi ikajaa.

Hiyo ndiyo inayolia hadi leo. Fyuzi haijaungua tena. Nikipita kwenye foleni, inafika pale, inanyamaza, honi zinalia kidogo, inaanza upya. Madereva wa zamani wananiangalia kutoka juu ya malori yao, na hakuna anayemalizia.