Mkono Uliobaki

Kiharusi kilinikuta gengeni, nafunga pilipili manga kwenye karatasi. Mteja alikuwa amesimama mbele yangu, ana haraka zake. Nikaona mkono wa kulia umeacha kazi, karatasi imefunguka, pilipili zinamwagika mapajani. Nikadhani umekufa ganzi, nikaupiga kofi kwa mkono wa pili. Nilipotaka kumwambia mteja asubiri kidogo, ilitoka sauti ya mtu aliyeshinda kilabuni. Mteja ndiye aliyepiga kelele. Mimi nilikuwa bado naziokota pilipili.

Ya hospitali sitayaandika, kila mtu ana yake. Niliporudi nyumbani hapa Morogoro, binti yangu alihamishia godoro chumbani kwangu. Upande wa kulia wote ulikuwa wangu kwa jina tu. Nikikaliswa kitandani naegemea polepole hadi naanguka, na nilipoanguka sikujua kwamba naanguka; niliona tu dirisha limekaa vibaya. Dada wa mazoezi alikuja, akanifundisha kujigeuza, kujisogeza kwa makalio, kuuweka mguu mbovu sakafuni kabla ya kuuamini. Alizungumza na mguu wangu kwa adabu kuliko alivyozungumza na mimi. Nilimpenda baadaye, si siku zile.

Chooni nilipelekwa na binti yangu. Alinishika kiunoni, akanivua, akaniweka, akaniosha, akanifuta. Nilimzaa nikamwosha, sasa ananiosha yeye, na majirani walisema hiyo ni baraka. Mimi nilikuwa naangalia misumari ya bati mpaka amalize.

Kula nilikula kwa mkono wa kushoto, kwani ndio uliobaki. Hapo pana neno. Kwetu mkono wa kushoto ni wa chooni, na wa kulia ni wa chakula, na mtoto anajua hivyo kabla hajajua jina la baba yake. Wanawake wa kwetu tunakula sinia moja, kila mmoja upande wake, na mkono wa kushoto hauingii humo hata kwa bahati mbaya. Dada yangu mkubwa ndiye aliyenifungulia njia. Alishuka kutoka kwetu Kinole, mlimani, na mkungu wa ndizi kuja kuniona, akanikuta nimewekewa sahani yangu pembeni.

"Mmemtenga kwa nini mdogo wangu?" akauliza.

Binti yangu akaamkia kwanza, shikamoo mama mkubwa, halafu akaeleza habari ya mkono.

"Mkono wa kushoto kosa lake nini? Kosa lake chooni. Sasa huyu chooni si anaoshwa na wewe? Basi mkono wake hauna kosa. Mleteni."

Tulicheka sana, na mimi nikacheka kwa nusu ya mdomo. Dada yangu angekuwa kadhi. Tangu siku hiyo nilirudi kwenye sinia, hapa mjini na kule mlimani.

Asiyekula hivyo anaweza kuona hili ni jambo dogo. Sisi Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, na maneno ya shamba, ya nani alime wapi na nani aolewe na nani, husemwa na wanawake huku mikono ikienda na kurudi. Mwenye sahani yake hupakuliwa akasahauliwa. Nilikuwa nimepoteza genge, mguu na nusu ya maneno yangu. Sinia sikutaka kulipoteza.

Siku moja binti yangu alikwenda Msamvu kutuma mzigo wa iliki kwa basi la Dodoma. Basi likachelewa, na mimi tumbo halikumsubiri. Aliporudi alinikuta nilivyo. Hakukunja uso. Alisema, "Pole, mama," akatandua shuka, akachemsha maji, na upole ule uliniudhi kuliko uchafu wenyewe. Angenigombeza ningepumua. Usiku ule niliamua kwamba chooni nitakwenda mwenyewe, hata kwa kutambaa.

Fundi wa mtaani alitukatia tundu kwenye kiti cha plastiki kwa kisu cha moto, tukakiweka juu ya choo cha kuchuchumaa. Kamba ya katani ikafungwa kwenye nguzo ya mlango ili nijivutie. Kwa maji nilisumbuka, kwani mkono mmoja hauwezi kumimina na kuosha kwa wakati mmoja. Mwishoni tuliweka dumu lenye koki juu ya matofali ubavuni mwangu, nikawa nafungua, nakinga kiganja, naosha, nakinga tena. Nilianguka na kiti. Nililowesha dera. Kuna siku nilikaa humo mpaka binti akabisha, nikamwambia aondoke, akaondoka, nikajuta. Dera nilijifunza kulibana kwa meno. Nguo ya ndani ndiyo iliyonishinda kwa muda mrefu, na sioni aibu kusema kwamba nilikuwa naiacha.

Siku niliyofanikiwa kila kitu, kuanzia kitanda hadi kitanda, nilikaa mkekani nimejawa na furaha ya kijinga. Binti akaleta ugali na mboga ya maboga, tukanawa kwa sabuni. Nikanyoosha mkono kumega tonge, ukasimama njiani.

"Mama, umenawa," akasema.

Nilikuwa nimenawa mara mbili. Lakini sheria ya dada yangu ilikuwa wazi, na ilikuwa na sharti lake: mkono ni msafi kwa sababu chooni hauendi. Sasa umekwenda. Shehe wa mtaani aliwahi kuniambia mgonjwa ana ruhusa, na mimi kwa Mungu sikuwa na shida. Shida ilikuwa kinyaa, na kinyaa hakina shehe. Niliuangalia ule mkono kama ningeuangalia wa mtu mwingine, nikajua kwamba mwingine akitia mkono wa hivyo kwenye sinia langu, mimi ningeacha kula. Nikaomba sahani na kijiko.

Ilikuja Idd. Tulipanda Kinole kwa gari la kukodi, kiti changu kimefungwa juu, tundu linaangalia mbingu, na binti yangu akijificha kwa mtandio kila tulipopita watu. Njiani aliniambia taratibu, "Mama, leo nitakuosha mimi. Siku moja tu. Ule na wenzako." Nikakubali. Nilikubali upesi, kwa kuwa nilikuwa nimewakumbuka sana.

Adhuhuri, pilau likiwa karibu kuteremshwa, haja ikanishika. Binti yangu alikuwa jikoni anakuna nazi. Aliniona nashika fimbo, akaweka kifuu chini. Nilimwashiria abaki. Sikuwa nimepanga kufanya hivyo. Njia ya chooni kwa dada yangu inateremka kwenye utelezi, kati ya migomba, na niliteremka upande upande, mguu mzima mbele, mbovu ukifuata. Kiti kilikuwa kimewekwa, dumu limewekwa. Nilichukua muda wangu. Nilirudi nimetota jasho, nguo zote mahali pake.

Sinia lilikuwa limeshatengwa barazani na wanawake wamelizunguka, nafasi yangu imeachwa wazi karibu na dada yangu. Akanitazama mkono, halafu uso.

"Umekwenda na nani?"

Hakuuliza kwa ubaya. Nafasi ile aliniwekea yeye, na alitaka jibu zuri.

"Na mimi, mama mkubwa," binti yangu akasema kutoka mlangoni mwa jiko. Vidole vyake vilikuwa vyeupe kwa nazi. Kila mtu pale alikuwa amemwona hajatoka jikoni.

"Haya, kaa," dada akasema, akasogea.

Walikuwa wamenipa uongo tayari, umeshapikwa, nibaki kukaa tu. Mtu mmoja alishaanza kusimulia habari ya shamba la mama yetu la chini, kwamba kuna mjukuu anataka kukata miti ya karafuu. Nilitaka kusikia. Nilitaka kukaa.

"Nimekwenda mwenyewe," nikasema. Ulimi wangu bado ulikuwa mzito, na nikaona hawajaelewa, nikarudia. "Mwenyewe. Nimejiosha mwenyewe."

Habari ya shamba ikakatika. Dada yangu akainuka, akachukua sahani, akanipakulia pilau na minofu mizuri kuliko yote, akaniwekea juu ya kigoda ukutani pamoja na kijiko. Sikumlaumu; ningefanya vilevile.

Nilikula nikitazama migongo yao. Walirudi kwenye maneno ya mikarafuu, kwa sauti ya chini, nikapata nusunusu. Niliumia, na nilijivunia, na pilau lilikuwa zuri. Nilipomaliza nilishika fimbo, nikainuka kwenda kunawa. Wote waliniona. Hakuna aliyeinuka kunishika.